WebSphere kwenye z/OS: servanti zinakufa kila siku saa nne asubuhi, EC3 04130007, nimeongeza hipu na taimauti lakini wapi

MgosiWaZamu aliandika:

Wadau habari za majukumu, naombeni msaada maana nimekonda. Nafanya kazi ya zamu kwenye kituo cha data huku Ohio, mteja wetu ni kampuni ya bima sitaitaja jina, ana meinfremu yenye LPAR mbili za prodakshoni, yaani mashine moja imegawanywa vipande, na juu ya z/OS, mfumo endeshi wake, tunaendesha WebSphere Application Server 9.0, seva ya programu za Java ya IBM, ile yenye kontrola na servanti, sio Liberty ile nyepesi. Mwezi uliopita tulihama kutoka 8.5.5, tukajenga seli mpya kabisa, yaani kundi zima la seva, na majina mapya kabisa kwa sababu bosi alitaka ile ya zamani ibaki pembeni tukikwama turudi. Tukahama usiku wa Jumamosi, kila kitu kikanyooka, wiki mbili hakuna aliyelalamika nikajiona fundi kweli kweli.

Sasa mwisho wa mwezi ndio umefika na balaa limeanza. Kila siku ya kazi kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa nane saa tisa mchana servanti zinaanguka, abendi (kazi kukatishwa na mfumo) EC3 na rizoni kodi (namba ya sababu) 04130007, inajifufua yenyewe, inakaa dakika kumi na tano, inaanguka tena, na kila ikianguka watu thelathini arobaini waliokuwa katikati ya kazi wanatupwa nje, simu zinalia mpaka unatamani kung'oa waya. Usiku kimyaaa, ukiipima saa nane usiku inaruka kama swala.

Nilichofanya mpaka sasa: nimeongeza hipu, ile kumbukumbu ya Java, kutoka giga 2 hadi 4, hakuna kilichobadilika, na ukisoma logi ya GC (usafishaji wa kumbukumbu ya Java) ni safi kabisa wala haijawahi kuhangaika. Nimepandisha taimauti, ile protocol_http_timeout_output, kutoka sekunde 300 hadi 600, matokeo yake inakufa vilevile ila inachelewa kufa. Nimechukua javacore tatu (picha ya kila thredi ya Java inafanya nini), thredi nyingi zipo hali ya R, yaani zinasema zinakimbia, na nyingi zimo ndani ya com.ibm.db2.jcc.t2zos, draiva ya kuongea na database ya Db2, hivyo nikawapelekea watu wa Db2 wakanijia juu, wakasema Db2 yao haina tatizo na kwamba ni sisi tunaoshika loki muda mrefu mpaka kazi za batchi zinapigwa na -911, kosa la Db2 la kukwama kwenye loki. Servanti zenyewe kwenye WLM, mgawaji wa prosesa, zipo klasi nzuri tu nimecheki kwenye SDSF DA, skrini ya kuangalia kazi zinazoendeshwa, na profaili ni LONGWAIT, servanti kiwango cha chini 2 cha juu 4. Prosesa za kawaida muda huo zipo juu ya asilimia 95 lakini hata zamani mwisho wa mwezi zilikuwa hivyohivyo. Cha kushangaza hata konsoli ya admin muda huo inakuwa kobe, ukibonyeza unaenda kunywa chai ndio ukurasa unafunguka.

Mzee aliyekuwa anashika hivi vitu alistaafu na ameondoka na kichwa chake, maandishi aliyoacha ni kurasa nne tu na moja ni namba za simu. Msaada tafadhali.


tomcat_wa_mtaa aliandika:

Niaje wasee. Mimi ni mtu wa Linux na Tomcat hapa Nairobi, meinfremu nimeionea tu kwa picha kwa hivyo mnisamehe nikiuliza kitu ya ujinga. Servanti ni nini? Kwangu seva ya programu ni JVM moja, ikikwama unairestati, ikikwama tena unaweka mbili na balansa mbele yao maisha inaendelea.

Ya pili, umesema konsoli ya admin pia inajivuta. Hiyo konsoli si haina kodi ya madevelopa wenu hata laini moja? Na haiongei na hiyo Db2 ama? Sasa kama kitu haina kodi yao na haigusi database na bado inajivuta masaa zile zile, mbona mnashindana na watu wa database, si shida iko chini huko kwa mashine? Lakini mimi ni mgeni hapa, napita tu.


mzee_wa_SYSLOG aliandika:

Huyo kijana wa Nairobi amegonga penyewe, na ametoa swali ambalo wewe Mgosi ulitakiwa ujiulize siku ya kwanza. Nipo Dubai, hizi mashine nimezianza wakati z/OS bado inaitwa OS/390, kwa hiyo nivumilieni nikiandika marefu.

Kijana, kwenye z/OS hiyo seva moja imegawanywa katika adresi spesi kadhaa, chukulia ni kama prosesi zako za Linux. Kontrola ndiyo inayosikiliza bandari za TCP/IP na kupokea maombi, haina kodi ya programu yako hata chembe. Ikishapokea ombi inalipatia tiketi inaliweka kwenye foleni ya WLM, yaani Workload Manager, mtawala wa foleni wa mashine nzima, halafu servanti ndiyo inayolichukua na kulifanyia kazi, na JVM yenye programu ipo humo kwenye servanti. Ni kama zahanati, dirishani kuna karani wa mapokezi na vyumbani wapo madaktari, WLM anaamua vyumba vifunguliwe vingapi, Mgosi kamwambia visipungue 2 visizidi 4. LONGWAIT maana yake kila chumba kina thredi 40.

Sasa karani ana saa ya ukutani. Ombi likiingia chumbani na dakika tano zikapita bila jibu, ile 300 ndiyo sekunde zenyewe, karani hamfuati mgonjwa mmoja, anabomoa chumba kizima na wote waliomo. Hiyo ndiyo EC3 04130007. Kwa hiyo Mgosi elewa kitu kimoja, hiyo abendi haikuambii kilichoharibika, inakuambia tu kwamba saa imegonga. Wewe umeenda kuongeza saa, sawa na kumwongezea mgonjwa muda wa kulala benchi.

Sasa soma ushahidi wako mwenyewe. Thredi zipo R, hazijazuiwa na loki, hazisubiri kitu, zinasema tunakimbia, lakini dakika tano zinapita hazijafika. Mtu anayesema anakimbia na hafiki huyo hana miguu, yaani hapewi prosesa. Javacore haijui hilo, kwa Java ukiwa tayari kukimbia unahesabiwa unakimbia. GC yako ni safi, si ndio? Weka hapo alama nitairudia. Konsoli ya admin nayo inajivuta. Na usiku inaruka.

Nifanyie hivi kesho saa nne kabla hujagusa kitu chochote. Ingia SDSF andika ENC, sio DA, ENC, ndiyo orodha ya enklevu, yaani maombi yenyewe yakiwa kazini. Nisomee safu ya SrvClass kwa mistari yote ambayo safu ya aina ya sabsistemu inasema CB. Halafu toa F jina la seva,DISPLAY,WORK kwenye konsoli uone maombi mangapi yapo ndani. Mwisho toa D WLM,DYNAPPL=* uniambie hali ya kila klasta. Usiirestati, nakuomba, ukirestati umefuta nyayo.


binti_RMF aliandika:

Naongeza hapo kwa mzee, shikamoo kwanza. Mgosi hebu niambie, hizo LPAR zimewekewa ukomo wa prosesa? Nauliza sababu ya hiyo saa nne. Huku Toronto nilikofanya kazi nilikutana na kitu kilekile, ofisi zinafunguka asubuhi watu wanaanza kuchapa kazi, mashine inapanda, lakini ukomo ule laini hauangalii matumizi ya dakika hii, unaangalia wastani wa saa nne zilizopita ambao ndio IBM wanautumia kutoza bili ya programu. Mzigo ukianza saa kumi na mbili asubuhi wastani unafika ukutani saa nne kamili kama umetegeshewa kengele. Ukifika hapo LPAR inabanwa, na inapobanwa wa kwanza kunyimwa ni yule wa mwisho kwenye mstari. Swali ni kwa nini nyinyi mmekuwa wa mwisho.


MgosiWaZamu aliandika:

Shikamoo mzee, dada binti_RMF asante, kweli ukomo upo nimeuliza watu wa kapasiti wakasema upo siku zote tena wamenishangaa kwamba sijui.

Sasa nimefanya kama ulivyosema, leo saa nne na dakika ishirini. ENC imejaa mistari ya CB kama mia na kitu na SrvClass yote, YOTE, imeandikwa SYSOTHER. Hakuna hata mmoja wenye jina lingine. Nikaenda LPAR ya pili hivyo hivyo. DISPLAY,WORK inaonyesha maombi 78 yapo ndani. DYNAPPL klasta ipo AVAILABLE kwenye zote mbili kwa sasa.

Hiyo SYSOTHER ndio nini na imetoka wapi maana nakuapia sijaiandika popote, na mbona DA inaonyesha servanti ipo klasi nzuri yenye umuhimu wa 2??


mzee_wa_SYSLOG aliandika:

Marahaba mwanangu. Hujaiandika, ndio maana umeipata. SYSOTHER ni jalala. Kazi yoyote ya enklevu ambayo WLM hakuikuta kwenye kanuni zako za kuainisha anaitupa huko, na huko hakuna lengo, ni diskreshenari, yaani anakula makombo, wenye malengo wakishashiba ndio naye ageuziwe sahani.

Na hapa ndipo watu wengi wanapoangukia, mimi mwenyewe niliwahi kuangukia na nikakaa siku tatu sioni, kwa hiyo usijione mjinga. Servanti ina maisha mawili. Adresi spesi yenyewe inaainishwa chini ya STC kama tasiki yoyote unayoianzisha, hiyo ndiyo klasi unayoiona kwenye DA. Lakini ombi la mtumiaji haliendeshwi kwa klasi hiyo. Kontrola ikipokea ombi inalitengenezea enklevu, na enklevu inaainishwa chini ya sabsistemu CB, kanuni nyingine kabisa ukurasa mwingine kabisa, na thredi ya servanti ikilichukua ombi inavaa klasi ya enklevu mpaka imalize. Kinachobaki na klasi ya servanti ni shughuli za JVM yenyewe, kuwaka, na GC. Ndiyo maana GC yako ni safi! GC inakimbia kwa umuhimu wa 2 huku wateja wako wanakimbia kwa makombo. Ungeiangalia logi ile mwaka mzima isingekuambia kitu.

Hiyo CB kama unajiuliza ni Component Broker, jina la bidhaa ya kale ambayo hii WebSphere ya z/OS ilitokana nayo, jina lilikufa herufi zikabaki, ndio meinfremu hiyo, hakuna kinachofutwa.

Sasa nibashiri. Yule mzee wenu aliyestaafu aliandika kanuni ya CB kwa jina la klasta, CN, labda kwa herufi tatu za mwanzo na nyota. Nyinyi mmejenga seli mpya kwa majina mapya. Kanuni ipo palepale inalinda klasta ambayo haina mtu, na kwa sababu hakuweka klasi ya jumla ya kupokea wasiotajwa kwenye CB, klasta mpya zote zikaenda jalalani, na Dmgr, seva ya usimamizi inayobeba konsoli, naye akaenda jalalani ndio maana konsoli inakuwa kobe. Wiki mbili hamkuona kwa sababu mashine ilikuwa na nafasi, na mashine yenye nafasi hata diskreshenari anaishi kifalme.

Na la Db2 hilo pia limeshajieleza. Mnatumia JDBC aina ya 2, mnaingia Db2 ya LPAR hiyohiyo moja kwa moja bila mtandao, ni nzuri ni ya haraka, lakini kazi ya ndani ya Db2 inafanyika kwa enklevu yenu ileile. Java yenu inapanda zIIP, prosesa za pembeni za kazi kama Java, hiyo SQL inashuka kwenye prosesa za kawaida, zile zilizobanwa, na hapo mnakaa. Mnakaa mkiwa mmeshika loki. z/OS ina huruma kidogo, kazi iliyonyimwa muda mrefu inapewa vitone ili isizibe njia milele, lakini vitone haviwatoshi wenye batchi wanaosubiri loki, wanapigwa -911. Kwa hiyo watu wa Db2 walisema kweli na wewe ulisema kweli, kawaombe radhi tu yaishe.


MgosiWaZamu aliandika:

Mzee!!! Nimefungua kanuni. CB, CN, PRD*. Klasta zetu mpya zinaanza na PZ. Hakuna klasi ya jumla. Nimekaa nikacheka peke yangu saa kumi na moja asubuhi mlinzi akaja kuniangalia.

Sasa nairekebishaje bila kuua mashine? Kubadilisha WLM inahitaji IPL, yaani kuwasha mfumo upya? Na lengo niweke nini, niweke umuhimu wa 1 ili tuwe juu ya wote?


mzee_wa_SYSLOG aliandika:

IPL haihitajiki. Unaweza kupitia paneli za WLM kwenye ISPF au z/OSMF, unaongeza kanuni chini ya CB kwa PZ*, na nakuomba weka na klasi ya jumla pale juu, hata kama ni ya chini kiasi, ili siku nyingine mtu akibadilisha jina asidondokee jalalani kimyakimya. Unainstoli difinisheni halafu unawasha polisi, namaanisha policy, kwa V WLM,POLICY=jina, utaona IWM001I kwamba polisi mpya imeanza. Maombi mapya yataingia klasi mpya palepale.

Lengo liwe la muda wa kujibu, kwa asilimia, kwa mfano asilimia 90 ya maombi yaishe ndani ya nusu sekunde. Usiweke velositi (lengo la kasi ya kupewa prosesa) kwa enklevu, velositi ni ya servanti huko STC. Usiweke wastani pia, ripoti moja ya dakika sita inaharibu wastani wa siku nzima na WLM anaanza kumkimbiza mzimu.

Kitu kingine nitakisema kwa herufi kubwa kwa sababu kimewaliza wengi. SERVANTI MOJA INAHUDUMIA KLASI MOJA KWA WAKATI. Ukipata wazo la kugawa maombi katika klasi tano huku servanti kiwango cha juu ni 4, kuna klasi itakaa foleni bila chumba mpaka saa igonge. Anza na klasi moja.

Na rudisha taimauti yako 300. Na kama mnatumia mipangilio ya kawaida angalieni server_region_stalled_thread_threshold_percent, ikiwa 0 thredi moja tu ikigonga saa servanti nzima inaondoka, mimi huweka kama 10 ili mmoja akikwama wenzake 39 wasife naye.


binti_RMF aliandika:

Mzee kwa heshima zote hapo mwisho nakukatalia. Hiyo asilimia 10 kwa seva inayopita mtandao kwenda database ya mbali sawa, lakini hawa wapo aina ya 2 na wameshika loki za Db2. Thredi iliyokwama kweli ukiiacha hai inabaki na loki yake, batchi inalia usiku kucha, wakati ukiua servanti RRS, mratibu wa miamala, inarudisha kila kitu nyuma na loki zinaachiwa. Mimi kwa hawa ningebaki na 0 kwanza, wakishajua kinachokwama ni nini ndio waguse.

Halafu Mgosi hilo la umuhimu wa 1 achana nalo. Ukiweka kila kitu 1 hakuna kilicho 1. Waulize wenye CICS, ule mfumo wa miamala, wao wapo ngapi, kama wapo 2 na nyinyi mkae 2, bima haiuzwi na ukurasa wa wavuti peke yake. Kontrola ndio iwe SYSSTC, klasi ya juu ya tasiki za mfumo, yule ni karani hatumii prosesa sana lakini akichelewa wote mnachelewa.

Na kabla hujafunga huu uzi toa ripoti ya RMF, kipimaji cha utendaji, ya klasi yenu mpya uangalie mistari miwili, IIP na IIPCP. IIP ni muda wa Java uliokaa kwenye zIIP, huo haulipiwi kwenye bili ya MSU, kile kipimo cha matumizi. IIPCP ni ule uliotakiwa kukaa zIIP lakini ukamwagikia prosesa za kawaida kwa kuwa zIIP zimejaa. Ukiona IIPCP kubwa maana yake mnakula ule wastani wa saa nne bure, na ukomo unawafikia mapema, tatizo mnajitengenezea wenyewe asubuhi na kulilia mchana. IIPHONORPRIORITY, ile ya kuruhusu umwagikaji huo, ipo YES au NO huko kwenu?


tomcat_wa_mtaa aliandika:

Aki hii ni dunia ingine. Kwa hivyo mashine ilikuwa inafanya exactly kile iliambiwa 😂 mtu alibadilisha jina tu. Kwangu nikibadilisha jina ya kontena kitu ya maana inaharibika ni dashibodi.

Nauliza tena, hii mambo ya kontrola na servanti iko pia kwa Liberty? Juu sisi tunatumia Open Liberty kwa Linux na sijawahi skia.


binti_RMF aliandika:

Hapana kaka, Liberty hata kwenye z/OS ni adresi spesi moja tu, hakuna kontrola hakuna servanti, kwa hiyo hata EC3 hii huwezi kuiona. Kuna mwenzake anaitwa enjeli, tasiki ndogo ambayo kazi yake ni kuipa Liberty ruhusa ya kugusa huduma nyeti za mfumo kama RACF (mfumo wa ulinzi) na RRS, na kama hujampa ruhusa kwenye RACF, klasi ya SERVER, utaona CWWKB0104I kwenye messages.log kwamba kundi fulani la huduma halipatikani na seva itawaka vizuri tu huku haina meno. Kwa WLM, Liberty bila kuwasha zosWlm-1.0 maombi yanakimbia kwa klasi ya tasiki yenyewe. Ukiwasha, unarudi kulekule kwenye kanuni za CB. Kwa hiyo mtego wa Mgosi upo hata huko, umejificha nyuma ya mlango mmoja zaidi.

Na wewe unayetoka Linux nakuonya mapema, server.xml ni UTF-8 lakini server.env na jvm.options zinasomwa kwa EBCDIC, usimbaji wa herufi wa meinfremu. Nilipoteza mchana mzima kwa jvm.options niliyoipakia kutoka kwenye laptopu.


MgosiWaZamu aliandika:

Narudi na mrejesho, samahanini kwa kukaa kimya, mabadiliko yalibidi yapite kwenye kikao na kikao kilikuwa Alhamisi.

Kanuni ya PZ* imeingia, klasi ya jumla imeingia, umuhimu wa 2 sawa na CICS, polisi imewashwa saa tano usiku. Asubuhi saa nne nimekaa mbele ya SDSF kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. ENC yote ina jina jipya. Saa tano, saa sita, hakuna servanti iliyokufa, kwenye ENC badala ya mistari mia ni saba au nane tu maana maombi yanaingia na kutoka. Watu wa Db2 wenyewe wamenipigia kuuliza tumefanya nini. Konsoli ya admin sasa naibonyeza bila chai.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. LPAR ya pili ilikataa kuwasha servanti kabisa usiku ule, kumbe zilikuwa zimekufa mara nyingi kwa muda mfupi mchana wake na WLM akaamua kuisimamisha ile klasta asiendelee kuwasha maiti. D WLM,DYNAPPL ilionyesha STOPPED, nikatoa V WLM,DYNAPPL= na jina,RESUME zikainuka. Ningekuwa sijaambiwa niangalie hiyo amri mwanzoni ningekaa hapo mpaka kesho.

IIPHONORPRIORITY ni YES, IIPCP ipo lakini sio ya kutisha, nimewapa watu wa kapasiti waitazame. Threshold nimeacha 0 kama dada alivyosema, mzee usinichukie.

Sasa kimebaki kitu kimoja. Jana mchana servanti moja ilikufa, EC3 ileile, mara moja tu. Safari hii javacore inaonyesha thredi MOJA tu, ripoti ya mawakala ya mwezi, inachukua kama dakika saba na imekuwa hivyo miaka yote, zamani ilikuwa inafichwa kwa sababu kwenye 8.5.5 taimauti yao ilikuwa 900 na hakuna aliyeniambia. Niliporudisha 300 ndio imejitokeza.


mzee_wa_SYSLOG aliandika:

Sikuchukii, binti ana hoja, kwa aina ya 2 hata mimi ningefikiria mara mbili.

Hiyo ripoti usiipandishie taimauti seva nzima. Tengeneza faili la XML la kuainisha, unalielekeza kwa wlm_classification_file, unataja URI ya ripoti hiyo peke yake na kuipa dispatch_timeout yake ya sekunde 900, wengine wote wabaki 300. Na humohumo unaweza kuipa transaksheni klasi yake, ukaiainisha CB kwa TC, yaani hiyo transaksheni klasi, iende klasi ya chini isiwasumbue wateja. Ila nilishakuambia habari ya klasi na servanti, kahesabu kwanza.


MgosiWaZamu aliandika:

Nimehesabu mzee, klasi zitakuwa mbili, na Dmgr ni klasta yake mwenyewe haituhusu, servanti cha chini 2 cha juu 4. Tupo salama. Naandika ombi la mabadiliko kwa kikao cha Alhamisi ijayo halafu nalala, huku kumeshakucha.


tomcat_wa_mtaa aliandika:

Lala salama msee. Mimi nimejiandikisha IBM Z Xplore, mafunzo ya meinfremu ya mtandaoni, jana usiku, ni bure, niko kwa mazoezi ya JCL, lugha ya kuagiza kazi kwa mashine, na nimeshapata JCL ERROR tatu juu ya koma moja.


mzee_wa_SYSLOG aliandika:

Tatu tu? Umeanza vizuri.